Je, Ubaguzi Uliondoka na Mkoloni?

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo la somo: Tukimaliza somo hili, kila mwanakikundi aweze (a) kueleza jinsi ubaguzi wa rangi ulivyokuwa hapa kwetu Meru na Embu, (b) kuyatambua maneno ya ubaguzi yanapotoka kinywani mwake mwenyewe, (c) kusaidia kikundi chake kuweka kanuni isiyombagua mtu.

Muda: Saa moja na nusu. Mwenyekiti asome sehemu moja kwa sauti, watu wazungumze, kisha aendelee na nyingine. Wazee wapewe nafasi ya kwanza, maana wengine wao waliyaona mambo haya kwa macho.



Nikiuliza katika mkutano, "Je, ubaguzi wa rangi umekwisha?" huwa napata majibu mawili. Wazee husema, "Umekwisha, mwalimu. Wewe hukuuona ule wenyewe." Vijana husema, "Bado uko, angalia televisheni." Wanamtaja George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyekufa Mei 2020 mjini Minneapolis, polisi akiwa amemkandamiza shingo kwa goti.

Wote wamesema kweli. Lakini wote wanaangalia mbali. Wazee wanaangalia zamani, vijana wanaangalia ng'ambo. Leo hebu tuangalie karibu, pale kwenye boma la mbuzi.

1. KISA CHA MBUZI

Kikundi kimoja cha sehemu za juu, kwenye kahawa, kilikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa. Sitataja jina lake. Utaratibu mnaujua: anayepewa mbuzi jike humtunza mpaka azae, na mtoto jike wa kwanza humpa mwanachama anayefuata kwenye orodha. Zamu ikamfikia mama mmoja aliyeolewa hapo kutoka Tharaka. Alikuwa ameishi kijijini hapo miaka kumi na minne. Kamati ikamruka, ikampa mbuzi mtu aliyekuwa nyuma yake.

Mama huyo akaacha kuja mikutanoni. Wenzake wawili wakaacha pia. Mchango wa kila wiki ukaanza kupungua, ndipo nikaitwa. Nikaiuliza kamati sababu. Wakanipa tatu, nami nikaziandika:

"Watu wa kule chini wamezoea mbuzi wa kuchunga porini. Huyu wa gredi atamfia."

"Na akipata ugonjwa, atauleta kwa mbuzi wetu."

"Tena yule siku moja atarudi kwao. Tutamtafuta wapi?"

Hakuna aliyesema kwa hasira. Walisema kama watu wanaolinda mali ya kikundi. Mwenyekiti akaongeza, "Huu si ubaguzi, mwalimu. Ni kujikinga tu."

Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja, umri wake umepita miaka themanini. Alikuwa kimya tangu mwanzo. Akasema taratibu, "Hayo maneno nayajua. Baba yangu aliambiwa hayo hayo juu ya kahawa."

Watu wakanyamaza. Mzee akatusimulia, na mengine nimeyaongeza kutoka katika historia.

2. KAHAWA ILIYOKATAZWA

Vijana wengi hudhani kahawa imekuwa yetu siku zote. Sivyo. Mbuni uliletwa Kenya na mapadri. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliupanda Bura, huko Taita, mwaka wa 1893, na baadaye ukapandwa karibu na Nairobi kwenye misheni ya Mtakatifu Austin. Masetla wa kizungu walipoona ni mali, wakaufanya kuwa wao. Kupanda kahawa kukahitaji leseni, na Mwafrika hakupewa leseni. Kazi yake ilikuwa kuchuma, kubeba na kupalilia shamba la mwingine.

Sasa sikilizeni sababu zao. Masetla hawakusimama na kusema, "Tunawachukia." Walisema Mwafrika hajui kutunza mbuni. Walisema shamba lake litajaa magonjwa na wadudu, kisha yataingia kwenye mashamba yao. Walisema ataiba kahawa yao usiku na kuiuza kana kwamba ni yake. Na iko sababu nyingine iliyowauma zaidi: Mwafrika akiwa na kahawa yake, nani atakuja kuchuma ya mzungu?

Linganisheni na zile sababu tatu za kamati. Hawezi kutunza. Ataleta ugonjwa. Haaminiki. Ni zile zile, zimetoka kwenye mti zikaenda kwenye mbuzi.

Na uongo wa maneno hayo ulikuwa unaonekana hapo tu ng'ambo ya mpaka. Huko Kilimanjaro Wachaga walikuwa wanalima kahawa yao wenyewe, na mwaka wa 1925 wakaunda chama chao cha wakulima. Walikuwa Waafrika kama sisi, wakiishi chini ya mlima kama sisi, na kahawa yao ilikuwa inauzwa. Lakini mtu aliyekwisha kuamua hataki ushahidi.

Ni katika miaka ya 1933 na 1934 ndipo serikali ya mkoloni ilipokubali Waafrika wapande kahawa kwa majaribio, katika wilaya tatu: Kisii, Embu na Meru. Kwa nini sisi? Tusijidanganye kwamba tulipendwa. Tulichaguliwa kwa sababu tulikuwa mbali na mashamba makubwa ya kahawa ya masetla. Ugonjwa ukitokea, uishie kwetu. Watu wa Kiambu, ambao walikuwa jirani na masetla, walizidi kukatazwa kwa miaka mingi. Na hata hapa kwetu mkulima alipangiwa idadi ya miti, na wakaguzi walipita shambani kuangalia kama anafuata sheria. Mlango ulifunguliwa zaidi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari.

Ikawaje? Mibuni ilistawi. Kahawa hiyo ikalipa karo, ikanunua mabati, ikajenga madarasa. Leo sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya inatoka kwa wakulima wadogo walio katika vyama vya ushirika. Ndio wale wale walioambiwa hawawezi kutunza mti.

Kahawa haikuwa peke yake. Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande. Kilikuwa na alama za vidole na maneno ya mwajiri wake, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Shule zilikuwa za namna tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na kila moja na kiasi chake cha pesa. Ardhi nzuri ya nyanda za juu, hata kule Timau, iliwekwa kando kwa ajili ya Wazungu.

Huo ndio ubaguzi ambao wazee wetu husema tumeuvuka. Je, tumeuvuka?

3. MAFIGA MATATU YA USAWA

Sufuria haikai juu ya figa moja. Usawa nao una mafiga matatu: sheria, mali na moyo. Tuyaangalie moja moja.

Figa la kwanza: Sheria. Hili kwa kweli limesimama. Tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na sheria za kumtenga mtu kwa rangi zikafutwa. Huko Afrika Kusini walingoja mpaka uchaguzi wa Aprili 1994. Katiba yetu iliyoanza kazi tarehe 27 Agosti 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa rangi yake, kabila lake, jinsia yake, dini yake, ulemavu wake, lugha yake au mahali alikozaliwa. Na jambo hili wengi hawalijui: kifungu hicho hakiifungi serikali peke yake. Kinamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake. Kwa hiyo kamati ya kikundi chenu pia imo.

Figa la pili: Mali. Hapa sufuria inaanza kuyumba. Ukiwaambia watu wawili wakimbie, na mmoja amekwisha tangulizwa maili tano, filimbi ni moja lakini mbio si sawa.

Miaka miwili tu baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali ilitoa karatasi ya mpango iitwayo Sessional Paper Namba 10. Ilisema pesa za maendeleo ziende zaidi mahali zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri na mvua. Kwa hesabu ya pesa ilionekana ni akili. Lakini angalieni matokeo yake hapa kwetu. Upande wa juu, kwenye kahawa na chai, barabara zilikuja, na shule na viwanda vikafuata. Upande wa chini, Tharaka na Mbeere, kwenye mtama, wimbi na ndengu, watu wakaambiwa wangoje. Kwenye mto Tana, upande wa Mbeere, yakajengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma mwaka 1968 na Kiambere mwaka 1988. Nyaya zikapita juu kwenda mijini, na nyumba nyingi za karibu zikabaki na koroboi miaka mingi.

Halafu sisi wa juu tukaisahau historia, tukasema, "Wale wa chini ni wavivu, hawapendi shule." Jamani! Si ndivyo mkoloni alivyotufanyia? Alimnyima mtu shule, kisha akamcheka kwamba hajasoma.

Figa la tatu: Moyo. Hapa nami nina deni, na afadhali niseme.

Nilipokuwa mwanafunzi wa diploma nilitumwa mazoezini huko Tharaka. Nyumbani walinionya nisile kwa watu, ati kule kuna uchawi. Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba akanipa uji wa wimbi. Nikamwambia nimeshiba. Ulikuwa uongo, kwa maana tangu asubuhi nilikuwa sijala kitu. Mama akautazama ule uji kidogo. Akachukua kikombe kile kile, akanywa mbele yangu, kisha akanimiminia mwingine. Hakusema neno. Nikajua mimi si mgeni wa kwanza kumfanyia hivyo.

Nilikunywa. Lakini aibu ile haijaniisha mpaka leo. Nilikuwa nasomea kazi ya kusaidia watu, na sikuweza kupokea kikombe kutoka mkononi mwa mtu ambaye nilitumwa kumsaidia.

Tena ubaguzi wenyewe wa rangi bado uko moyoni mwetu sisi weusi. Mtoto akizaliwa mweupe kidogo, wageni husema, "Aa, huyu mzuri." Yule mweusi huambiwa, "Ana afya." Mtoto anasikia. Akikua ananunua mafuta ya kujichubua, na mengine yana zebaki ambayo huharibu figo. Mkoloni alikwenda zaidi ya miaka sitini iliyopita. Ni nani basi aliyemfundisha msichana huyo kwamba ngozi yake ni kosa?

Na wageni wakitudharau, tunawaka moto, na ni haki yetu. Mwaka 2015 hoteli moja ya Kichina jijini Nairobi ilijulikana kwamba inawazuia Waafrika kuingia usiku, na nchi nzima ikapiga kelele. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja Mchina alifukuzwa nchini baada ya kuonekana katika video akiwaita Wakenya nyani. Tulishangilia. Lakini wiki hiyo hiyo, sokoni kwetu, ni maneno gani tuliyowaita jirani zetu? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

4. NJIA HII INAKWENDA WAPI

Mtu atasema, "Mwalimu, unakuza mambo. Ni utani tu wa makabila." Basi tuangalie Rwanda. Wanyarwanda wana lugha moja, na wengi walisali katika makanisa yale yale. Mkoloni Mbelgiji katika miaka ya 1930 aliwaandikia vitambulisho: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Alipoondoka, vitambulisho vilibaki. Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, watu wapatao 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi. Kwenye vizuizi vya barabarani mtu aliulizwa kitambulisho. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na waliowaua walikuwa majirani.

Na hapa kwetu je? Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Katika ghasia zile nchini Kenya walikufa watu zaidi ya 1,100. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya utangamano wa kitaifa, inayokataza matamshi ya chuki. Sheria ni nzuri. Lakini ilikuja baada ya mazishi.

Hakuna kati ya hao wauaji aliyeanza na panga. Walianza na maneno madogo: wale hawaaminiki, wale si wa hapa, wale watarudi kwao.

5. MWISHO WA KISA

Turudi kwenye mbuzi wetu. Mzee alipomaliza kusimulia, nikamwomba katibu alete daftari. Hatukubishana tena, tulisoma tu. Yule mama wa Tharaka hakuwa amekosa mchango hata wiki moja kwa miaka minne. Tukasoma ukurasa wa mbuzi waliokufa. Walikuwa watatu. Wote walifia kwa watu wa hapo juu, na mmoja alifia kwa mwanakamati.

Mwenyekiti akashika kichwa. Ni mtu mwema, namjua. Hakujua kwamba alikuwa anabagua, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Nyani haoni kundule.

Mzee akasema, "Baba alipewa miti, akapimwa kwa miti yake. Mpeni huyu mbuzi, mumpime kwa mbuzi wake."

Wakatuma watu wawili kwake. Alikuja wiki iliyofuata, hakucheka wala hakulia. Alisema, "Mbuzi nitamchukua. Lakini andikeni kwenye daftari kwamba nilirukwa, na sababu mliyotoa." Wengine walinung'unika, wakasema ya nini kufukua mambo. Katibu akaandika. Mimi naona mama huyo alitufundisha kuliko mimi nilivyofundisha. Kosa lisiloandikwa hurudi.

Mwaka uliofuata alitoa mtoto jike kwa mwanachama aliyefuata, kama kanuni inavyosema. Kati ya wale wenzake wawili, mmoja alirudi kwenye kikundi. Wa pili hakurudi mpaka leo.

Basi jibu letu ni hili: mkoloni aliondoka, sheria yake ikafutwa, lakini zile sababu zake alituachia, nasi tunazitumia kwa jirani. Usawa utafika siku tutakapompima mtu kwa kazi ya mikono yake na kwa daftari, tusimpime kwa mahali alikozaliwa wala kwa ngozi yake.

6. KUSOMA PAMOJA

Someni Barua ya Yakobo, sura ya 2, mstari wa 1 hadi 9. Pale mtume anakemea mkutano unaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame. Ulizaneni: katika mkutano wetu, nani hukaa mbele? Nani husimama mlangoni?

7. MASWALI YA MAJADILIANO

(a) Wazee: mnakumbuka nini juu ya kipande, au juu ya leseni ya kahawa? Mliyasikia wapi maneno kwamba Mwafrika hawezi?

(b) Akina mama mlioolewa kutoka mahali pengine: mnaitwaje hapa kijijini? Jina hilo mnalipenda? (Wanaume wasikilize bila kujibu.)

(c) Tajeni maneno tunayosema juu ya watu wa chini, watu wa juu, Wakamba, Wasomali, Wahindi, na watu wenye ulemavu wa ngozi. Lipi kati ya hayo mngekubali liandikwe juu ya mtoto wenu?

(d) Katika kikundi chetu, je, kuna mtu aliyewahi kurukwa? Sababu ilikuwa nini, na ushahidi ulikuwa wapi?

8. KAZI YA MWEZI HUU

Kwanza, katibu asome orodha ya wanachama wote na tarehe ambayo kila mmoja alipata mkopo, mbuzi au tangi la maji. Kama kuna aliyerukwa, kamati itoe sababu mbele ya wote.

Pili, ongezeni kanuni hii kwenye katiba ya kikundi, kwa maneno yenu: kwamba zamu itafuata orodha, na mwanachama hatanyimwa haki yake kwa sababu ya rangi, kabila, ukoo, ndoa, dini au ulemavu. Atapimwa kwa mchango wake na kwa kazi yake.

Tatu, kikundi cha juu kikitembelee kikundi kimoja cha chini, na cha chini kije juu. Msipeleke hotuba. Pelekeni njaa, mle pamoja.

Na ukiletewa kikombe cha uji, kinywe chote.